Mashini moja, miaka mitatu

Nianze kwa kusema mimi si fundi. Mi ni mtu wa boti, nabeba barafu kwenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, narudi Lamu na samaki, siku nyengine abiria, siku nyengine saruji na mabati ya watu, na mashini ya boti kwangu mimi ilikua ni kitu cha kuvuta kamba ikalia basi, mambo ya ndani yake sikuyajua na sikutaka kuyajua. Haya nayoandika nimeyajua kwa kupigwa, na kila kipigo nimekilipia pesa taslimu.

Mashini yenyewe nliinunua Malindi. Yangu ya kwanza, Yamaha 15 (hiyo namba ni nguvu yake, farasi 15), ilikua imechoka kabisa na kununua mpya sikuweza, hiyo ndo sababu, hakuna nyengine. Jamaa mmoja akanambia kuna Johnson inauzwa, ilikua ya mzungu wa kuvua kwa mchezo, haijafanya kazi ngumu hata siku moja. Nkaenda nkaiona. Kofia yake, yaani kile kifuniko cha juu, nyeupe imeandikwa 35 kubwa ubavuni, safi, rangi bado ipo. Muuzaji anaapa kwamba ni 35 ya mwaka 1995 na haijawahi kufunguliwa. Akaitia kwenye pipa la maji, akavuta mara mbili ikalia, ikakojoa vizuri tu (wenye boti wananielewa, ule mrija mdogo wa maji unaotoka nyuma kuonyesha pampu yafanya kazi), mi moyo ukaniruka. 48,000 nkahesabu hapo hapo. Kitu kimoja tu nlikiona nkakipuuza, nacho ndo kilikua kinanambia ukweli wote: alipofungua kofia nliona falawili, lile gurudumu zito la juu, ina meno pembeni kama ile ya gari, lakini starta ya umeme haipo na hata pahali pa kufunga nyaya zake pametupu. Nkajiambia labda waliitoa. Kweli waliitoa, lakini sivyo nlivyofikiria mimi.

Mashini ya kilo 50 na kitu kuipakia kwenye basi Malindi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, ni hadithi yake peke yake, naiwacha. Ilifika, tukaifunga, ikafanya kazi wiki tatu nzuri sana hadi nkaanza kuwasimulia watu.

Wiki ya nne nko ndani ya Mkanda. Kwa asiyejua, Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndo njia yetu ya kwenda Pate bila kutoka bahari kuu, na wakati wa kusi kila mtu anapita hapo manake nje huko kumechafuka. Lakini Mkanda yataka maji yajae, yakipwa unakaa kwenye tope na mikoko mpaka yarudi. Mimi nlikua nimechelewa kutoka nkawa nayafukuza maji, nimefungua mafuta yote, alafu nasikia harufu ya rangi inaungua. Nkageuka kutazama nyuma, mashini haikojoi. Nkaizima lakini nshachelewa, ukigusa kofia unatoa mkono. Boti ikapanda mchanga kama inavyotakikana, na mimi na kijana wangu tukakaa pale na magunia sita ya barafu yanayeyuka taratibu, mwenye barafu yuko Kizingitini anapiga simu kila dakika kumi kuuliza nimefika wapi. Masaa matano na nusu tulikaa. Barafu iliyofika ilitosha kupoza soda.

Tatizo ni impela, hilo mtu yeyote wa boti angekwambia. Ni kijigurudumu cha mpira chenye mapezi, kimekaa chini juu ya giaboksi, shafti ikizunguka nacho kinazunguka kinavuta maji ya bahari kupeleka juu kupoza mashini. Mapezi yakivunjika au mpira ukikauka maji hayapandi. Kitu cha bei ndogo kinachoua kitu cha bei kubwa. Nkafungua mwenyewe na kijana wangu, bolti moja ikakatikia ndani (chuma kwenye aluminiamu na chumvi, unajua mwenyewe), tukaitoa impela ikiwa imebaki mapezi mawili. Nkapiga simu duka moja la spea nkawaambia nataka impela ya Johnson 35 ya 1995. Wakasema ipo. Nkatuma pesa, ikaja na basi mpaka Mokowe, nkaifata na boti ya mtu, nafungua karatasi naona hii haiingii hata kwa dawa. Kubwa, na tundu lake la shafti si saizi. Nkawapigia, wanasema bosi wewe ulisema 35 ya 95 sisi tumekupa ulichosema. Na kweli ndicho nlichosema, siwezi kuwalaumu sana, ingawa kurudishiwa pesa pia wakakataa.

Hapo ndo nkaenda kwa ami.

Si ami yangu wa damu, ni mzee wa mtaa wa Langoni aliyekua akitengeneza mashini za boti tangu mimi sijazaliwa, sote twamwita ami. Ana chumba kimoja chini kimejaa vyuma mpaka mlango haufunguki wote. Nkamuekea mashini kwenye stendi yake ya mbao, nkamwambia ami hii ni Johnson 35 ya 95 nimekosa impela. Hakuitazama mashini, alinitazama mimi.

"Nani kakwambia ya 95?"

"Alieniuzia."

"Na 35 nani kakwambia?"

"Si imeandikwa ami, pale kwenye kofia."

Akacheka mpaka akakohoa. Akanambia mwanangu kofia huvaa mtu yeyote, hata mimi nikivaa kofia ya askari sitakua askari. Kofia ya mashini inatoka kwa klipu moja tu, ikivunjika unatia ya nyengine, mradi inakaa. Ukitaka kujua mashini ni ya lini usisome plastiki, soma chuma. Alafu akanipa kitambaa na tina kidogo, ile ya kuyeyusha rangi, akanambia "njoo hapa, safisha hapa, na utumie mato yako."

Hapa ni kwenye ule mkono unaoshika boti nyuma, ile brakiti ya kufungia, upande wa kushoto. Chini ya tabaka tatu za rangi kulikua na kibati kidogo. Nkatoa mfuko wangu wa msasa nianze kusugua akanipiga mkono. Msasa haramu. Namba hizi zimegongwa juu juu tu, ukisugua kwa msasa unafuta cheti cha kuzaliwa. Unatia tina, unaacha inywe, unafuta kwa kitambaa, tena na tena, kama saa nzima tulikua kwa hicho kibati. Kilipotokea chuma akachukua chaki akaisaga akapaka juu akafuta kwa kidole, ule unga ukabaki ndani ya mashimo ya herufi, alafu akawasha tochi ya simu yangu akaiweka ubavuni si usoni, kwa upande kabisa, na herufi zikasimama. J25RLCU na herufi moja ya mwisho iliyolika hata kwa chaki haikusomeka.

Hapo 35 ishakufa. J ni Johnson, ingekua E ni Evinrude, hizo ni ndugu zilitoka kampuni moja ya Marekani, OMC. 25 ni nguvu yake, yaani farasi kumi zangu zilibaki Malindi. R ni ya kuvuta kamba, L ni shafti ndefu ya inchi 20. Na mwaka? Mwaka umefichwa kwenye hizo herufi mbili CU, na ami akanionyesha kwenye ukuta wake ameandika kwa rangi neno moja la Kizungu, INTRODUCES, kila siku nlikua nikipita nadhani ni mambo ya shule. Neno hilo lina herufi kumi na hakuna inayojirudia. Unazihesabu, I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. Kwa hiyo CU ni 87. Mashini za Johnson na Evinrude kuanzia mwaka 1980 ndo zimeandikwa hivi, za kabla ya hapo zina mpango mwengine, Johnson za miaka ya sabini mwaka wake unaonekana wazi, kama imeandikwa 25R72 basi ni ya 1972 huna haja ya kufumbua fumbo.

Sijui kwa nini nlifurahi vile, manake nlikua nimejua tu kwamba mashini yangu ni ndogo kwa farasi kumi na nzee kwa miaka minane kuliko nlivyolipia. Lakini nlitembea Langoni yote siku ile nasoma mashini za watu. Kila Johnson na Evinrude ilofungwa nainamia kutazama brakiti. Watu walidhani nimepotelewa na pete.

Ami akanitafutia impela kuukuu kwenye ndoo zake ya kunisukuma kwa muda. Hakuuliza namba wala mwaka, alichukua ile yangu iliyobaki mapezi mawili akaipima kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya za kubana, kipenyo cha nje, tundu la ndani, urefu, na ule mfereji mdogo unaokaa kifunguo cha shafti, alafu akazama kwenye ndoo akatoka na moja. Nliona lakini sikulitia maanani, nlikua nshalewa na INTRODUCES.

Sasa mashini ikarudi baharini, inakojoa, lakini haina nguvu. Inavuta kama mtu mwenye mafua. Ami akajaribu cheche, silinda ya juu inapiga ya chini haipigi, akabadilisha plagi, akabadilisha koili juu chini, bado ile ile ya chini. Akasema ni kile kisanduku cha umeme, sidiai, pengine joto la siku ile Mkanda ndo limekimaliza. Mimi kwa kua saivi ni mtaalamu nkamwambia ami wacha hili mimi nalimaliza mwenyewe. Nkatoa namba ya modeli, nkamtumia binamu yangu Mombasa picha ya kibati, nkamwambia usinunue kwa maneno, nunua kwa namba hii. Akapata, bei yake ilinitoa jasho, kikaja.

Soketi zake hazikukubaliana. Waya zangu zina plagi hii, kisanduku kipya kina plagi ile. Nlikaa chini. Si nimefanya kila kitu sawa, si nimesoma chuma!

Nkarudi kwa ami na kisanduku mkononi, nimenuna. Mzee akafungua kofia, akatazama falawili kama dakika, akaweka kidole kwenye yale meno. "Hii yataka starta. Kibati chako chasema kamba. Mbona ina meno?" Yale meno nliyoyaona Malindi! R ni ya kamba, mashini ya kamba ina haja gani ya meno ya starta.

Akanionyesha kitu ambacho mpaka leo naona kama siri. Kwenye bloku yenyewe, ule moyo wa mashini, kuna kifuniko kidogo cha duara cha chuma kimepigwa kwa nyundo kikakaa, ukubwa kama sarafu ya bob 20. Kwenye Johnson na Evinrude nyingi za zama hizo namba ya modeli imegongwa hapo pia. Kibati cha brakiti kinaweza kubanduka na kupotea, hiki kifuniko hakibanduki mpaka bloku ifunguliwe na fundi akitoe kusudi. Tina, kitambaa, chaki, tochi ya ubavuni. J25ELCR. E ni starta ya umeme. CR, nane na nne, 1984.

Kwa hiyo mashini yangu kichwa ni cha 84 na mgongo ni wa 87. Mtu fulani zamani alikua na mashini mbili, moja imekufa kichwa moja imekufa mwili, akazioanisha. Na si kosa wala wizi, akasema ami, huku kwetu mashini zote za zamani ni za ndoa ya pili, sisi wenyewe ndo twazifunga. Kosa ni kununua spea ya kichwa kwa cheti cha mgongo.

Yaani hili lilinifungua akili kuliko lile neno la ukutani. Kibati kinakwambia habari ya kile kilichofungwa nacho, basi. Kiko kwenye brakiti, kinasema brakiti. Kifuniko kiko kwenye bloku, kinasema bloku: pistoni, gasketi, kabureta, koili, sidiai, vitu vya juu vyote namba yake ni hiyo ya 84. Na chini je? Giaboksi, pampu ya maji, propela? Nkamuuliza ami chini nisome wapi. Akanambia chini hapana cha kusoma. Utaona namba zimetokea kwenye chuma cha giaboksi, kubwa, zimevimba, ukiona utafurahi, nazo ni namba za kalibu waliyomwagia ile aluminiamu na mara nyingi si namba ya spea. Nlikua nshaipiga picha tayari nimpelekee binamu, nkaifuta kimya kimya.

Chini unapima. Ndo nkakumbuka venia na ndoo. Impela unaipima vipande vyote na unahesabu mapezi, shafti unahesabu mifereji yake, urefu unapima, propela unahesabu meno ya ndani ya shimo lake (za kale sana hazina meno, zina pini tu inayokatika ikigonga mwamba), nyumba ya pampu unahesabu bolti na umbali kati ya bolti na bolti. Unaandika kwenye karatasi, unatuma karatasi na picha yenye rula pembeni, na unamwambia mwenye duka alinganishe na ya 84 na ya 87 na asitume chochote mpaka vipimo vikubaliane. Hivyo ndo nlivyopata pampu yangu kamili mpya, nyumba yake, impela, sahani na gasketi, na iliingia kama ndala yako ya kila siku. Haikua ya orodha ya 87. Ami alisema alijua tangu siku ya kwanza, ile giaboksi rangi yake ya ndani haikufanana. Sasa ami si ungesema? "Hukuniuliza, ulikua wasoma brakiti za watu."

Kile kisanduku kibaya nlikiuza kwa mtu wa Matondoni mwenye mashini ya zama hizo kwa nusu ya bei, nkanunua cha 84, silinda ya chini ikafufuka.

Kuna vijimambo vyengine niviseme kabla sijasahau manake vilinipotezea muda. Namba ya spea ya OMC za zamani ni tarakimu sita, lakini ukitafuta saivi kwenye orodha nyingi utaikuta na sifuri imeongezwa mbele inakua saba, ni spea ile ile. Mimi nlikataa gasketi sahihi kwa sababu ya sifuri, nkaambiwa na mwenye duka wewe ndo mteja wa kwanza kuogopa sifuri. Alafu tofautisha namba ya modeli na siriali. Wengi tunatuma siriali tukidhani ndo muhimu kwa kua ni ndefu, lakini kwa mashini hizi mwaka umo kwenye modeli, siriali peke yake haitakusaidia sana dukani.

Na mafuta. Tangi lilokuja na mashini lilikua na stika imeandikwa 100:1, yaani oili kidogo sana kwenye petroli, na nlikua nafata kwa kua naokoa pesa. Ami alipoiona aliibandua kwa kisu. Ni kweli katikati ya miaka ya themanini walishauri hivyo kwa baadhi ya mashini zao, baadae ushauri ukarudi 50:1, lakini stika haikurudi kwao kubadilishwa. Nayo tangi pia haikua ya mashini hii, kwa hiyo hata ushauri wenyewe ulikua wa jirani. Saivi natia 50:1, lita 25 za petroli nusu lita ya oili, moshi kidogo, roho safi.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika na Johnson wakati Lamu yote ni Yamaha. Jibu ni pesa, nshasema. Ila kweli Yamaha ni rahisi kwa jambo hili, namba ya spea yenyewe inaanza na alama tatu, tarakimu na herufi, za modeli ambayo spea hiyo ilitengenezewa mara ya kwanza, kama 63V ni ya zile 15 na 66T ni ya 40 Enduro, alafu zinafuata tarakimu tano za kusema ni kitu gani, 44352 ni impela, iwe ya mashini ndogo ama kubwa. Ukijua hiyo unaweza kusoma paketi ya duka bila kumuuliza mtu. Johnson hawana huruma hiyo. Na kampuni yenyewe haiko tena, OMC ilifilisika Disemba 2000, Bombardier wakainunua mwaka uliofuata, jina la Johnson likasimamishwa 2007 na Evinrude nayo ikasimama 2020. Spea bado zipo, nyingi za watengenezaji wengine, lakini hakuna dirisha la kwenda kulia. Umri wa mashini yako ukiukosea hapana atakaekusahihisha, atakuuzia tu.

Nimepiga hesabu siku moja usiku mke wangu amelala nisije nkaulizwa. Impela ya uongo, kisanduku cha kwanza nusu bei, barafu ya Kizingitini, nauli za kwenda na kurudi Mokowe mara nne, bolti iliyokatika na kutolewa. Karibu 23,000. Kwa pesa hiyo na ile 48,000 sijui ningekua na nini, lakini ningekua karibu na Yamaha ya 15 nzuri ya mkono wa pili ambayo ningeisoma pakiti zake kama gazeti.

Mke wangu alijua, bila shaka. Alinambia tu siku moja, "Hiyo mashini ina wazazi watatu na wote unawalisha wewe."

Nlichofanya mwisho ni kuandika. Ndani ya kofia, ile ile ya uongo ya 35, nimechukua kalamu ya kuandikia magunia ya simiti nimeandika kwa herufi kubwa: KICHWA 84 UMEME, BRAKITI 87 KAMBA, CHINI PIMA. Chini yake vipimo vya impela vyote na tarehe nilioitia. Ami alikuja kuona akasoma kimya, akachukua kalamu akaongeza 50:1 kwenye kona, akaondoka.

Mwezi uliopita jamaa wa Shela kaja anataka kuinunua, ameisikia inavyolia. Kaizunguka, kagonga kofia kwa kidole, 35 hii ee? Nkamwambia 25. Akanuna kidogo. Ya mwaka gani?

Nkamwambia kaa kwanza ndugu yangu, wauliza ya juu, ya kati au ya chini?